Kadi za mafunzo za pande mbili: namna ya kuzichapa wenyewe bila jibu kuhama

Wanamemba wengi wa kooperativi zetu wamekwisha kuona zile kadi ndogo za mafunzo ya shamba. Upande mmoja kuna picha: jani la mhogo lililojikunja, mzizi uliokatwa, kiwavi ndani ya moyo wa muhindi. Upande wa pili kuna jibu, yaani jina la ugonjwa au la mdudu, na kile mkulima anachopaswa kufanya. Mwenye kuongoza anainua picha, watu wanabishana, kisha anageuza kadi na mabishano yanakwisha, au yanaanza upya.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: tunaweza kuzichapa sisi wenyewe, kwa kompyuta ya kawaida, bila kungoja mradi utuletee? Ndiyo, mnaweza. Programu ya kuandikia barua inatosha, ile Word ambayo karibu kila karani wa ushirika anaijua, ama LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti ikishaingia ndani ya kompyuta. Kuandika si kazi kubwa, wala kukata. Shida iko kwenye kugeuza karatasi. Hapo ndipo jibu linapohama kutoka kadi moja kwenda kwa jirani yake, na mtu asijue mpaka kadi zimekwisha kukatwa na kugawiwa.

Tuseme wazi kwa nini jambo hili si dogo. Chukua kadi yenye picha ya mozaiki ya mihogo, ile ambayo wenzetu wa Tanzania wanaita batobato. Ni ugonjwa wa virusi. Hauna dawa ya kupuliza: mtu anang'oa shina lililopatwa lingali changa na anatafuta miti safi ya kupanda. Sasa weka nyuma ya picha hiyo jibu la kiwavijeshi, mdudu ambaye kuna dawa za kumpuliza. Mama anayesoma kadi hiyo nyumbani atatoa franka zake, atanunua dawa ya wadudu, atapuliza mihogo. Ugonjwa utabaki palepale. Na majani yale yale ndiyo atakayochuma kesho kutwa, ayatwange, apike sombe ya watoto. Ni afadhali kukosa kadi kuliko kuwa na kadi inayodanganya, kwa sababu mtu asiye na kadi angalau atauliza.

Kwa nini kadi, hapa kwetu

Bango kubwa la ukutani linafaa mahali penye ukuta. Watu wa Bibokoboko wanajua maana ya kukosa ukuta. Tangu vita vya Oktoba 2021 jamaa nyingi ziliteremka kutoka milimani hadi Baraka na kandokando yake, na vikundi vya wakulima vinakutana chini ya mti, ndani ya kanisa, uani kwa mtu. Kadi 40 zinaingia katika mfuko wa koti. Zinaweza kupanda mlima na kushuka nao, na mvua ikianza zinafichwa kwa sekunde moja.

Halafu kuna suala la lugha. Katika mkutano mmoja wa kooperativi ya Fizi unaweza kusikia Kibembe, Kinyamulenge na Kifuliru, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote. Ugonjwa uleule una majina matatu au manne, na mara nyingine jina moja linatumika kwa magonjwa mawili tofauti. Picha haina kabila. Watu wakikubaliana kwanza juu ya kile wanachokiona, jina linafuata bila ugomvi. Kwa hiyo tunapendekeza kila kadi iwe na mstari mtupu upande wa jibu. Usichape kitu hapo. Acha kikundi chenyewe kiandike kwa kalamu jina wanalolitumia, na kama ni majina mawili, yaandikwe yote mawili.

Njia hii ya kufundisha kusoma kwa kupitia shamba si mpya katika ukanda wetu. Ng'ambo ya ziwa, kule Mwanza, UNESCO na serikali ya Tanzania waliendesha kuanzia 1968 mradi wa kisomo ambamo vitabu vya kuanzia viliandikwa kufuata kazi ya msomaji: mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba, mwenye migomba kwa migomba, mvuvi kwa uvuvi. Mwalimu Nyerere naye aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wako kati yetu wazee waliokimbilia Tanzania, wakaishi Lugufu au Nyarugusu, na wakarudi kwa meli za HCR zilizoanza kuleta watu kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005. Kwao, somo linaloanzia kwenye jembe si la ajabu hata kidogo.

Anza na kalamu kabla ya kompyuta

Kosa la wengi ni kufungua kompyuta wakati maneno hayajapangwa. Kaeni kwanza na daftari. Kila kadi iwe na swali moja tu na jibu moja tu. Jibu lisipite maneno 20 hivi, likichapwa kwa herufi kubwa, ukubwa wa 16 au 18, ili mtu wa macho mazito alisome jioni kwa mwanga wa tochi.

Mfano. Upande wa picha: mzizi wa mhogo uliokatwa katikati, wenye madoa ya kahawia yaliyokauka. Upande wa jibu: «Michirizi ya kahawia. Haina dawa. Ng'oa shina lote. Usichukue miti ya kupanda katika shamba hili.» Inatosha. Maelezo mengine, kwamba ugonjwa huu unaweza kujificha chini ya udongo wakati majani yanaonekana mazima, kwamba nzi weupe wadogo wanausambaza pamoja na miti tunayopeana sisi wenyewe, hayo ni kazi ya mwenye kuongoza. Kadi iliyojaa maandishi inageuka kuwa kitabu, na kitabu kidogo kibaya.

Kwa kiwavijeshi, kile ambacho maagronomi wanakiita chenille légionnaire, kilichoonekana Afrika mara ya kwanza 2016, picha ionyeshe alama zake mbili: herufi Y iliyopinduliwa usoni, na vidoa vinne vyeusi vilivyopangwa kama mraba karibu na mkia. Bila alama hizo, kila kiwavi kitaitwa kiwavijeshi. Kwa mnyauko wa migomba jibu liseme mambo mawili basi: kata ua dume kwa kijiti chenye panda, wala si kwa panga, na panga lililogusa mgomba mgonjwa lipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mwingine.

Majibu yote yasomwe na agronomi kabla ya kuchapwa, awe wa IPAPEL au wa shirika mnalofanya nalo kazi. Na aina za mbegu msiziandike kwa kusikia. Aina inayovumilia mozaiki inaweza kushindwa mbele ya michirizi ya kahawia. Jina la mbegu likichapwa kwenye kadi, watu watalifuata kwa miaka mingi.

Meza ya nyumba nane

Haya, tufungue kompyuta. Kwanza hakikisheni ukubwa wa karatasi ni A4, yaani sentimita 21 kwa 29,7. Kompyuta nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa karatasi ya Kimarekani, ambayo ni fupi na pana kidogo, na hapo kila kitu kitasogea bila ninyi kujua sababu. Kisha wekeni pambizo, ile nafasi nyeupe ya kandokando, sentimita 1 pande zote nne. Ya kushoto na ya kulia lazima zilingane kabisa. Kama kushoto ni 2 na kulia ni 1, karatasi ikigeuzwa mgongo utakuwa umehama sentimita nzima.

Ingizeni meza ya safu mbili na mistari minne. Mnapata nyumba nane katika ukurasa mmoja. Upana wa kila nyumba ni sentimita 9,5, kimo chake wekeni 6,8. Hesabu inaruhusu 6,9 na kidogo, lakini programu hizi zinapenda kuacha mstari mtupu chini ya meza, na meza ikijaza ukurasa mpaka mwisho, mstari ule unarukia ukurasa unaofuata na kuleta karatasi nyeupe katikati. Karatasi hiyo moja inavuruga mpangilio wote wa mbele na nyuma. Mwambieni pia kompyuta kwamba kimo kisibadilike. Bila hivyo, ukiweka picha kubwa nyumba inavimba, inasukuma zilizo chini, na mistari ya ukurasa wa kwanza haitalingana tena na ya ukurasa wa pili.

Ukurasa wa kwanza ni wa picha. Ukurasa wa pili ni nakala ya meza ileile, sasa kwa ajili ya majibu. Hapa msome polepole.

Chukua karatasi yoyote iliyo karibu nawe. Andika 1 upande wa kushoto na 2 upande wa kulia. Sasa igeuze kama ukurasa wa kitabu. Nyuma ya 1 iko wapi? Iko kulia. Nyuma ya 2 iko kushoto. Ni hilo tu, na ni hilo linalowashinda watu. Kwa hiyo, kama ukurasa wa picha unasomeka 1 na 2, kisha 3 na 4, kisha 5 na 6, kisha 7 na 8, ukurasa wa majibu uandikwe 2 na 1, kisha 4 na 3, kisha 6 na 5, kisha 8 na 7. Mistari haibadiliki kutoka juu kwenda chini. Safu ndizo zinazobadilishana.

Mkipenda kuepuka kichwa kuuma, kuna njia ya safu moja. Gawanyeni karatasi juu na chini tu, kadi mbili kwa ukurasa, kila moja nusu ya A4. Hakuna kushoto wala kulia, hivyo hakuna cha kubadilisha: ya juu inabaki juu, ya chini inabaki chini. Sisi tunazipenda kadi hizi kubwa kwa mikutano. Kadi ya sentimita 9 haionekani na mtu aliyekaa mstari wa nne chini ya mwembe, hata awe na macho ya mwewe. Ndogo ni za kupeleka nyumbani, kubwa ni za mwenye kuongoza.

Namba pande zote mbili

Kama mtakumbuka kitu kimoja katika makala haya, kiwe hiki. Wekeni namba ndogo kwenye pembe ya kila kadi, mbele na nyuma. Mihogo iwe M1, M2, M3, mahindi H1, H2, migomba G1, ng'ombe N1, na kuendelea. Picha ya M3 iwe na M3, na jibu la M3 liwe na M3. Kadi ikitoka, mtu anaangalia mbele, anaangalia nyuma. Zikilingana, sawa. Zisipolingana, karatasi haikatwi.

Uzuri wa namba ni kwamba mkaguzi hahitaji kujua kusoma. Mama ambaye hajapita darasani lakini anahesabu franka zake sokoni bila kukosea anaweza kukagua kadi 200 kwa nusu saa, na mara nyingi atafanya vizuri kuliko karani aliyeziandika, kwa sababu karani anasoma kile alichotaka kuandika na si kile kilichoandikwa. Mpeni yeye kazi hiyo. Pia mpeni mamlaka ya kusema hapana.

Kuchapa

Sasa imprimanti, au printa kama wanavyosema ng'ambo ya ziwa. Zile kubwa za sekretariati za mjini zinageuza karatasi zenyewe. Mwenye mashini atakuuliza, ama kompyuta itauliza kwa Kifaransa, kama karatasi igeuzwe kwa «bords longs» au «bords courts». Jibu ni «bords longs», ule ukingo mrefu, kama kitabu. Ukikubali ukingo mfupi, majibu yatatoka kichwa chini miguu juu, na jibu la kadi ya kwanza litaangukia nyuma ya kadi ya mwisho.

Imprimanti ndogo za nyumbani hazigeuzi. Unachapa ukurasa wa picha, unachukua karatasi, unairudisha kwa mkono, unachapa ukurasa wa majibu. Kila mashini ina tabia yake: nyingine inachapa upande unaotazama juu, nyingine upande unaotazama chini. Usibahatishe. Chukua karatasi tupu, andika kwa kalamu JUU pamoja na mshale, iweke, chapa ukurasa wowote, angalia wino umeangukia upande gani na mshale unaelekea wapi. Ukishajua, bandika kipande cha karatasi juu ya mashini chenye maelezo. Karani wa kesho atakushukuru.

Chapeni karatasi moja kwanza, mbele na nyuma, muishike mbele ya dirisha au juu ya tochi. Mwanga utawaonyesha kama nyumba za nyuma zinakaa juu ya nyumba za mbele. Zikipishana milimita 2 au 3, msijisumbue, mashini nyingi ziko hivyo. Ondoeni tu mistari ya meza upande wa majibu, mkate kwa kufuata mistari ya upande wa picha. Hakuna atakayeona. Zikipishana sentimita nzima, rudini kwenye pambizo na ukubwa wa karatasi.

Mkipeleka kazi Baraka kwenye sekretariati, msipeleke faili la Word. Kompyuta nyingine ina herufi nyingine, na meza yenu itavimba au kunywea. Ihifadhini kama PDF, muitie ndani ya kle ya USB pamoja na faili la kwanza kwa tahadhari. Mwambieni mwenye mashini achape kwa ukubwa halisi, «taille réelle», na si kwa «ajuster», maana hiyo ya pili inapunguza ukurasa ili uingie, na kupunguza kwa mbele kunaweza kusilingane na kwa nyuma. Msiache aondoe nakala 50 kabla ninyi hamjaishika nakala ya kwanza kwenye mwanga. Mlipe hiyo moja, mkague, ndipo mseme endelea.

Umeme na wino

Hapa lazima kuchagua, na kila chaguo lina uchungu wake. Imprimanti ya leza, ile ya unga, inatoa maandishi ambayo hayayeyuki na maji. Lakini inapopasha moto inavuta umeme mwingi, mamia ya wati kwa dakika chache, na hata zaidi. Kwenye sola ndogo ya ofisi, konvertisere, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa batri, kitalia na kuzima. Inahitaji jenereta. Imprimanti ya wino wa maji inatumia umeme mdogo sana, wati 30 hivi ikiwa kazini, hivyo sola inaiweza. Ila tone moja la mvua likianguka kwenye kadi, M3 inakuwa doa la bluu.

Kwa vikundi vyenye sola tunasema: chukueni ya wino, mfunike kadi kwa plastiki au kwa skochi pana ya kuonekana ndani, pande zote mbili. Kwa vikundi vilivyo karibu na mji: andikeni wenyewe nyumbani, lakini chapeni kwa leza ya sekretariati. Gharama si ngumu kuhesabu. Kadi ndogo 40 ni karatasi 5, yaani nyuso 10. Zidisha nyuso hizo kwa bei ya ukurasa mmoja mjini, kisha zidisha kwa idadi ya vikundi, na komite itajua kabla ya safari kama pesa inatosha.

Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ni nyembamba. Jibu linaonekana kupitia picha, na watu wajanja wanasoma jibu kwa nyuma. Tafuteni ya gramu 160 au 200. Kabla ya kununua nyingi, jaribuni moja, maana mashini nyingine zinakataa karatasi nzito au kuikunja. Iliyotoka kwenye leza iacheni ipoe na ilale kabla ya kuchapa upande wa pili. Ya wino iacheni ikauke.

Na picha? Picha ya simu yenye rangi inapendeza kwenye simu. Ikichapwa kwa nyeusi na nyeupe, mozaiki inapotea, kwa sababu tofauti ya kijani na njano inakuwa kijivu na kijivu. Mkulima ataona jani tu. Kwa mozaiki ni afadhali mchoro wa kalamu unaoonyesha jani lililokunjamana na mabaka yake, uliopigwa picha ukiwa kwenye mwanga mzuri. Mzizi wenye madoa ya kahawia unavumilia, kwa kuwa doa jeusi kwenye mzizi mweupe linaonekana vilevile. Kila kijiji kina kijana anayejua kuchora. Mpeni penseli, na mumpeleke shambani akachore akiwa mbele ya jani lenyewe, si kwa kukumbuka.

Mashini isipoweza kugeuza

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji kugeuza karatasi hata mara moja, na kwa vikundi vya milimani tunaiona ndiyo bora. Tumia meza ileile ya safu mbili na mistari minne, lakini weka picha kushoto na jibu lake kulia, katika mstari mmoja. Chapa upande mmoja tu. Kunja karatasi katikati kutoka juu hadi chini, picha zikiwa nje, pakaza gundi ndani, bandika, kisha kata mistari. Jibu haliwezi kuhama kwa sababu limeunganika na picha yake tangu mwanzo. Unapata kadi nne kwa karatasi badala ya nane, hiyo ndiyo hasara. Faida ni kwamba karatasi mbili za gramu 80 zilizobandikwa zinakuwa ngumu kama kadi ya dukani, na jibu halionekani kwa nyuma.

Gundi ikikosekana, uji mzito wa unga wa mihogo unashika vizuri. Uwe mzito kweli, na upakwe mwembamba. Ukiwa majimaji karatasi inajikunja. Zilazeni chini ya mzigo usiku kucha, mfuko wa maharagi unafaa. Na msiziache wazi jikoni. Mende wanapenda uji huo kuliko sisi tunavyopenda kadi.

Kuzitumia

Kikundi kikiwa na kadi 40, msizipitie zote kila mkutano. Watu watachoka, na zile ngumu zitapita haraka sawa na zile rahisi. Mjerumani mmoja, Sebastian Leitner, alieleza mwaka 1972 utaratibu wa masanduku ambao unafaa hata bila sanduku. Kadi ambayo kikundi kimejibu vizuri inakwenda kwenye fungu la pili, inarudi baada ya mikutano miwili au mitatu. Iliyowashinda inabaki fungu la kwanza, inarudi mkutano unaofuata. Mafungu mawili na nyuzi mbili za kufungia, basi. Baada ya msimu mtaona wenyewe ni kadi zipi hazitoki fungu la kwanza. Tunakisia michirizi ya kahawia itakuwa mojawapo, kwa kuwa ugonjwa unaoonekana mzima juu na mbovu chini ni mgumu kuuamini mpaka umekata mzizi.

Mwenye kuongoza asigeuze kadi haraka. Na jibu la kikundi likitofautiana na la kadi, asifikiri moja kwa moja kwamba kikundi kimekosea. Kwanza atazame namba.

Andikeni mwezi na mwaka kwa herufi ndogo chini ya kila jibu. Agronomi akibadilisha shauri, chapeni kadi hiyo upya, mkusanye za zamani kutoka kila nyumba kwa kufuata orodha ya waliozipokea, na mzichome mbele ya komite. Faili liwekwe mahali pawili: ndani ya kompyuta ya ofisi, na ndani ya kle inayokaa kwa mtu mwingine, katika nyumba nyingine.